Walisema Mamie Amesafiri

Sogeeni, nikae katikati yenu, nami niwategee kimoja kabla chai haijapoa.

Nina mlinzi mlangoni. Simlipi mshahara, hasinzii wala hakohoi. Jirani mwema akija, anamfukuza. Mwizi akija, anamfungulia na kumshikia taa. Ni nani?

Wengine mtasema mbwa mzee, wengine mtasema askari mlevi. Leo sidai mji kwa mtu. Nawapa jibu bure, maana bila jibu hilo hadithi yangu haina pa kuingilia: mlinzi huyo ni siri. Sasa nisikilizeni niwaeleze jinsi alivyolinda nyumba moja hapa hapa Johannesburg, na alikuwa akimlindia nani.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa kumi mwaka 2016, katika ua wa vyumba vya kupanga kule Mayfair, nyuma ya maduka ya Wasomali. Watu wa ua ule walikuwa wametoka kanisani, jua lilikuwa la kuotea mgongo, na sombe, kisamvu cha Kikongo, ilikuwa ikichemka taratibu kwenye jiko la mkaa. Masika aliketi kizingitini na cherehani yake, anapinda mikono ya sare za kwaya. Alikuwa mjane wa Butembo, mshonaji, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kukata uzi kwa meno na mkasi uko magotini pake. Mdogo wake Jeannine, ambaye alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anaitazama sombe. Na kwenye kreti la soda lililopinduliwa alikaa rafiki yao Mamie, msusi, amembana binti yake Sagesse katikati ya magoti, anamsuka. Sagesse alikuwa wa miaka sita, mzaliwa wa huku huku. Kiswahili alikisikia chote, lakini akijibu alichanganya na Kizulu cha shuleni.

Bakiri alikuwa bombani akifua shati lake la kazi. Yeye ni Mtanzania, mtu wa Tanga, mlinzi wa ghala moja huko mjini, na alipanga chumba cha mwisho. Alikuwa akiwachokoza wanawake wale, kama kawaida yake.

"Nyinyi Wakongo mnasafiri kama watu wanaotoroka jela," alisema. "Jumapili mtu yuko kwenye kwaya, Jumatano picha yake imetoka Amerika, amevaa koti. Kwetu Tanga mtu akienda Arusha tu, mtaa mzima unamsindikiza mpaka basi linamwacha."

"Ndiyo maana hamfiki mbali," Jeannine akamjibu. "Nguvu zote mnazimalizia kwenye kusindikizana."

Walicheka, na Mamie akacheka kuliko wote, mpaka Sagesse akalalamika kwamba anavutwa kichwa. Hapo ndipo simu ya Mamie ilipolia. Aliitazama, akainuka. Upande mmoja wa kichwa cha mtoto ulikuwa umekwisha kusukwa, upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama vilevile. Alichukua mkoba wake ndani, akajipaka mafuta mikononi, akamwomba Masika amshikie mtoto, anarudi sasa hivi. Pale langoni aligeuka, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu.

Hakurudi jioni. Hakurudi kesho yake.

Sasa mtaniuliza: je, hawakumtafuta? Ngojeni niwaeleze desturi ya watu wale, ndipo mtaelewa kosa lao lilivyoingia bila kelele. Kwao safari haitangazwi. Mkimbizi akipata njia ya kwenda Amerika, anafunga mdomo. Anaogopa jicho la watu. Anaogopa mchawi wa kijijini, anaogopa na mwenzake wa kanisani atakayepeleka maneno ofisi ya wakimbizi mpaka faili lake liharibike. Kwa hiyo anaondoka kimya, na akishafika salama ndipo anapopiga simu na kuomba radhi. Na yule aliyebaki, hata akiona dalili, ni lazima ajifanye kipofu. Kumuuliza mtu kama anasafiri ni sawa na kumroga.

Masika alipoingia chumbani kwa Mamie aliona sanduku halipo. Lile koti zito alilolinunua wakati wa joto, nalo halipo. Akakaa juu ya kitanda cha rafiki yake, akaelewa, au alidhani ameelewa. Roho ilimuuma kidogo kwamba hakuagwa, kisha akamshukuru Mungu kwa niaba ya Mamie. Kanisani akina mama walipoulizana walijibiana kwa macho tu. Amesafiri. Mtoto ataitwa baadaye, ndivyo faili zinavyokwenda. Na hata angekuwepo mtu mwenye shaka, nani angekwenda polisi? Karatasi za ukimbizi za wengi wao zilikuwa zimepita tarehe, na kituo cha polisi walikipita kwa upande wa pili wa barabara.

Basi Masika akamweka Sagesse katikati ya magoti yake, akamalizia ule upande wa pili. Mkono wake ulikuwa wa sindano, si wa nywele. Upande mmoja ulilala vizuri, upande mwingine ulisimama kama ufagio, na mtoto akaenda shule hivyo hivyo. Kila alipotoka shule aliuliza kama mama amepiga simu. Masika alimwambia kesho. Hamjui neno hilo linavyochosha ulimi, mpaka mlitumie kwa mtoto.

Kanisani kwao, kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Newtown, kulikuwa na Mmarekani mmoja. Jina lake Lyle Tackett, na watu walimwita Papa Laili. Alikuja mwaka 2015, akasema ni mtu wa kujitolea. Hakuwa mhubiri. Alikuwa wa kubeba viti baada ya ibada, wa kula ugali kwa mkono, wa kusema "Mungu ni mwema" kwa matamshi yaliyowachekesha watoto. Alijua jina la kila mtu. Ukiugua alikuletea maziwa. Na alikuwa na maswali yake ya upole: Unaishi na nani hapa? Una ndugu? Wanajua habari zako? Wanawake walimjibu kama mtu anavyomjibu daktari. Nani huku ugenini aliwahi kuwauliza habari zao kwa upole namna ile?

Mwaka 2017 ulipoingia, mambo ya Amerika yakabadilika. Watu waliokuwa wamebakiza hatua moja tu kupanda ndege waliambiwa wangoje, mlango umefungwa. Kulikuwa na kilio kanisani kama msiba. Jeannine naye alilia. Alikuwa amengoja miaka, na katika kungoja huko ujana wake ulikuwa unapita akipanga makopo ya nyanya kwenye rafu za watu. Wiki hizo hizo Emérite, mama wa Kirundi aliyeuza mboga karibu na ukumbi, naye hakuonekana tena. Watu wakanong'ona kwa wivu kidogo: mlango umefungwa, yeye kapitia wapi?

Baada ya hapo Jeannine akaanza kupona ghafla. Akaimba akifagia. Akawa anatoka nje kupokea simu. Masika aliona, akafanya kama desturi inavyotaka: akatazama cherehani yake.

Siku moja ya mwezi wa tatu Masika alipanda kiti kutafuta uzi mweusi juu ya kabati, akakuta sanduku la Jeannine halipo. Jeannine mwenyewe yupo kazini, nguo zake za kila siku zipo kwenye kamba, ila sanduku limetangulia. Masika alishuka, akaketi. Akatabasamu peke yake, maana neno lililomjia kwanza lilikuwa shukrani. Mdogo wangu amepata njia. Alijiambia atajifanya hajui, na siku ya siku atalia chumbani, akiwa amefunga mlango.

Sagesse akaingia na kitana. Ilikuwa siku ya kusukwa. Akajipenyeza katikati ya magoti, akainamisha kichwa, akasema, bila kukasirika, kama mtu anayekumbusha jambo dogo:

"Mama Masika, leo usiache nusu."

Kitana kikasimama kichwani. Masika alikuwa mshonaji, alimjua fundi mwenzake. Katika miaka yote Mamie hakuwahi kumruhusu mteja aondoke na kichwa nusu, hata mvua ikiwanyeshea wote wawili barabarani. Sasa mama gani, tena msusi, anapanda ndege kwenda ng'ambo na kumwacha mwanawe wa kumzaa na kichwa nusu? Hapana. Mamie hakuwa anasafiri siku ile. Aliposema anarudi sasa hivi, alikuwa anasema kweli. Na sanduku lake lilikuwa limetangulia, kama hili.

Masika alimsuka mtoto mpaka mwisho.

Jeannine alipotoka kazini, dada yake alikuwa akimngoja kizingitini.

"Sanduku lako liko wapi?"

Jeannine alimtazama kama aliyepigwa kofi. Kule kwao dada mkubwa huitwa yaya, naye hakuwahi kulitamka jina hilo kwa uchungu kama siku ile. "Yaya. Hata wewe?"

"Nakuuliza unakwenda na nani."

"Usiniulize. Unataka kunifungia njia? Miaka yote hii mimi nimekuwa mzigo wako, sasa Mungu ananifungulia, wewe ndiye wa kwanza kusimama mlangoni."

"Mamie alikwenda na huyo huyo?"

Jeannine akasema polepole kwamba Mamie yuko Texas, ana kazi, na amemtumia salamu.

"Amekupigia wewe?"

"Amempigia yeye. Yeye ndiye aliyenipa salamu."

"Yeye nani?"

Hapo Jeannine akampita, akaingia ndani. Alikwenda kulala na viatu miguuni.

Msimwone Masika shujaa. Alikuwa anaogopa. Kama amekosea, atakuwa ameivunja safari ya mdogo wake, na Jeannine hatamsamehe mpaka kaburini. Kama hajakosea na akanyamaza, basi kaburi litakuwa karibu kuliko hapo. Hakuwa na ushahidi wowote, ni kichwa cha mtoto tu. Asubuhi alimweleza Bakiri, kwa sababu Bakiri hakuwa wa kanisa lao wala wa desturi yao.

Bakiri alisikiliza akikuna shavu. Akasema yeye hana elimu ya mambo ya Amerika, ila kazini kwao wanafundishwa kwamba anayekuja kwa nia njema hakasiriki akiulizwa jina getini. "Ukimzuia, atatoroka dirishani," alisema. "Usimzuie. Msindikizeni. Mchukulieni kama anaolewa."

Masika akapita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa kwaya. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimwambia usoni kwamba ni mchawi wa ndugu yake mwenyewe, na neno hilo alilibeba mpaka nyumbani bila kujibu. Lakini waliokubali walitosha kujaza njia.

Ijumaa usiku Jeannine alipiga pasi gauni lake zuri, Masika akawatumia wenzake habari. Jumamosi asubuhi Jeannine alitoka chumbani amevaa vizuri, mkoba begani, akisema anakwenda sokoni. Langoni akawakuta: akina mama katika vitenge vya sare moja, ngoma moja, filimbi moja, na Bakiri katika shati lake la ulinzi lililopigwa pasi.

"Twende sokoni," Masika akasema. "Sisi tuko nyuma yako tu."

Jeannine aliharakisha, nao wakaharakisha. Alivuka barabara, wakavuka. Wakaimba nyimbo za kumtoa bibi harusi, na Wasomali wakatoka madukani kutazama, na teksi zikapunguza mwendo. Jeannine alikuwa analia kwa aibu na hasira. Mara moja aligeuka akawaambia kwamba wote ni wachawi. Mama mmoja mnene akamwambia sawa, mwanangu, lakini tembea polepole, wachawi wenyewe tuna magoti mabovu.

Walifika kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, pale unapoingia Newtown. Gari jeupe lilikuwa limesimama kando. Kioo kikashuka, na Masika akamwona Papa Laili.

Nusura arudi nyuma kwa haya. Huyu ndiye aliyemletea maziwa Sagesse alipokuwa na surua. Papa Laili naye alitabasamu kwa wote, kisha akamwambia Jeannine kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, kwamba alimwambia aje peke yake. Jeannine alianza kuomba radhi, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango.

Masika akainama dirishani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia nguo, lakini hakuhitaji kingi.

"Good morning, Papa. Mamie, where is she?"

"Who?" alisema yule Mmarekani, na tabasamu bado liko pale pale. Akatikisa kichwa. Akasema hamjui mtu yeyote wa jina hilo.

Jamani, hapo ndipo siri mbili zilikutana kwa mara ya kwanza. Maana huyu alimwambia Jeannine faraghani kwamba Mamie amemtumia salamu kutoka Texas, na sasa mbele ya watu hamjui. Kila mwanamke alikuwa amepewa maneno yake na kuambiwa asiyaonyeshe kwa mwenzake. Jeannine alimtazama yule mtu, akamtazama dada yake. Mkono wake ukatoka kwenye kitasa, kidole kimoja kimoja.

"Ulisema amenisalimia," alimwambia.

Papa Laili akashika usukani. Tabasamu liliondoka, na waliomwona wanasema chini yake hapakuwa na hasira wala hofu, hapakuwa na kitu. Taa ikawa ya kijani. Gari likaondoka.

Bakiri akaisoma namba ya gari kwa sauti kubwa, kama anavyozisoma getini kila siku. Hakuna aliyekuwa na kalamu. Basi akina mama wakaiingiza namba ile kwenye wimbo, ikawa ndiyo kiitikio, wakaiimba mpaka kituo cha polisi, wakaingia nayo ndani, wale wote waliokuwa wakikipita kwa upande wa pili wa barabara. Wakasimama mbele ya meza wakiimba namba ya gari.

Alitoka sajenti mmoja mwanamke, aliyekulia mtaa wa Alexandra, aliyekuwa anamaliza sekondari mwaka 2008 wageni walipofukuzwa kule na kukimbilia nyua za polisi. Aliziona nyuso zile, akajua kinachowaogopesha. Kitu cha kwanza alichosema, kabla hata hawajakaa, ni kwamba leo hataki karatasi ya mtu, anataka majina ya waliopotea. Masika akataja Mamie. Mama wa nyuma akataja Emérite. Kisha majina mengine yakaanza kutoka, moja moja, kwa sauti za chini. Kila mtu alikuwa na msafiri wake ambaye hajapiga simu.

Kwa namba ile polisi walimkuta Papa Laili kwenye kiwanja alichokodi nje ya mji, anapakia gari. Ndani ya banda kulikuwa na masanduku yamepangwa vizuri ukutani, na makoti mazito juu yake. Yaliyokuwa ardhini sitawaeleza. Niseme tu kwamba Masika alikwenda kumtambua rafiki yake, na aliporudi alioga, akavaa nguo safi, kisha akamwita Sagesse akamwambia mama amekufa. Mtoto hakulia palepale. Alivuta uzi wa sweta, akauliza:

"Lakini siku ile, mama alikuwa ananiacha?"

Watu wote walikuwa wamesema Mamie amemwacha mwanawe akaenda Amerika. Sanduku lilitangulia kweli. Masika angeweza kusema hapana, ili mtoto anyamaze. Lakini alikuwa ameshamdanganya kwa zile kesho nyingi, akaapa moyoni hatamwongezea hata moja. Akamwambia, "Sijui, mama yangu. Nikijua nitakwambia." Akamkumbatia mpaka usingizi ukamchukua.

Kesi ilikwenda mpaka mwaka 2019. Humo ndimo watu waliposikia maisha ya Lyle Tackett. Alizaliwa mji mdogo wa Kansas, Amerika. Alilelewa nyumba hii mwaka huu, nyumba ile mwaka ujao. Alipokua aliendesha malori ya masafa marefu, na kule kwao pia aliua wanawake, wale wa vituo vya malori, waliokosana na kwao, ambao simu zao zikizimika hakuna anayestuka. Alijifunza huko kuchagua. Polisi wa kwao walipoanza kumkaribia alivuka bahari, akatafuta mahali penye watu wa kuondoka bila kuaga, na kwa bahati mbaya akawapata watu wale. Jaji alimuuliza kwa nini wanawake hao. Alijibu, bila kupandisha sauti, kwamba hakuna aliyekuwa akija kuwaulizia.

Akafungwa kifungo ambacho hakitafika mwisho kabla yeye hajafika mwisho. Vijana wanapenda kujua hesabu ya aliowaua, na wengine wanajua hata alichopenda kula. Mimi napenda mjue kwamba Mamie alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu, na kwamba Emérite aliongeza nyanya moja kwa kila aliyebeba mtoto mgongoni. Waliobaki ardhini bila majina nao walikuwa na namna yao ya kucheka.

FUNZO

Ndugu zangu, siwaambii mchukie wageni, wala msiwe na ndoto ya kusafiri. Safirini. Lakini safari ya halali haimkatazi mtu kuaga. Anayekwambia usimwambie dada yako, usimwambie mumeo, usimwambie jirani, huyo hakulindi wewe, anajilinda yeye. Mwoneshe mtu mmoja tu uso wa yule unayekwenda naye. Mmoja anatosha.

Na wewe uliyebaki, acha adabu ya kujifanya huoni. Uliza. Utaitwa mwenye wivu, utaitwa mchawi, meza hilo neno, halijawahi kumuua mtu. Mtu wenu akikaa kimya, msiseme kafanikiwa mpaka msikie sauti yake kwa masikio yenu. Na karatasi ikiwa imepita tarehe, bado jina la aliyepotea halijapita tarehe. Lipeleke. Nenda na wenzio, mkiimba ikibidi. Jeannine yuko hai leo, ana duka lake dogo la mtaani, spaza kama wanavyoliita huku, anagombana na dada yake kila wiki kama ndugu wote, na uhai huo aliupata kwa sababu dada yake alikubali kumwaibisha barabarani.

Limebaki lile swali la Sagesse, na sikulisahau.

Siku ya mwisho Masika alikaa mahakamani akisikiliza mkalimani. Mmarekani alieleza habari za kila mwanamke kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma bei za vitu. Alipofika kwa Mamie alisema huyu alimsumbua. Alikuwa amemwambia kwamba safari ni siku ile ile, moja kwa moja, na mtoto atabaki, atafuata baadaye. Mwanamke akakataa. Akasema basi faili lifutwe, hataki tena Amerika, arudishwe nyumbani. Akafungua mlango wa gari likiwa linatembea. Masika alimwomba mkalimani arudie. Akarudia.

Alipofika Mayfair, Sagesse alikuwa uani anafanya hesabu za shule juu ya kreti. Alikuwa na miaka tisa sasa, miguu mirefu, meno ya mbele makubwa. Masika hakuvua hata viatu. Aliketi chini kwenye saruji, ili nyuso zao zilingane.

"Uliniuliza kitu, nikakwambia sijui," alisema. "Sasa najua. Yule mtu alimwambia mama yako aende bila wewe. Mama yako alikataa. Alifungua mlango ashuke. Yule mtu alikuwa amekwisha kudhamiria ubaya wake tangu mwanzo, hakuna neno ambalo lingemgeuza, kwa hiyo usije ukadhani ni kwa sababu yako. Lakini mama yako alikataa. Hapana, Sagesse. Hakuwa anakuacha. Alikuwa anarudi."